Kabla Hujamkabidhi Binti kwa Shirika: Mwongozo kwa Familia za Mabanga

Goma haijawahi kukosa mashirika ya wasichana na vijana. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoukata mji Januari 17, 2002, yalikuja. Kila vita ilipowasukuma watu kutoka Masisi na Rutshuru, yalikuja mengine, yakapigilia vibao kwenye kuta za mbao na kuandikisha wasichana. Kisha mwaka 2025 ukaleta mapigo mawili kwa pamoja. Mwishoni mwa Januari waasi wa M23 waliingia mjini. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na mashirika mengi ya kigeni yakawaondoa wafanyakazi wao. Siku zilezile serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake, USAID, likafungwa rasmi Julai 1. Miradi mingi ilikatika katikati, wasichana wakiwa hawajamaliza mafunzo waliyoahidiwa.

Ndiyo maana mzazi wa kartiye za Mabanga hapa Goma, awe wa Nord au wa Sud, hana budi kuuliza zaidi ya “shirika hili linatoa nini?” Aulize: mradi ukiisha, nani atabaki na mtoto wangu? Msichana hainuliwi na kibao wala na fulana yenye nembo. Huinuliwa na mtu anayemfahamu kwa jina, anayejua nyumbani kwao kuna nini, na ambaye mwaka ujao bado atakuwa katika kartiye ile. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kumtafuta mtu huyo, ukiwa mama, baba, yaya, shangazi, au wewe msichana mwenyewe.

Wanaofanya kazi hiyo mjini

Anza kwa kutambua mtoto anahitaji nini, kwa sababu mashirika hayafanani, na familia nyingi hupoteza miezi kwa kubisha mlango usio wao.

Ikiwa tatizo ni shule, ujue kwanza haki iliyopo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza kauli hiyo kwa kufuta minervali, yaani ada, ya shule za msingi. Daftari, sare na viatu bado ni mzigo wa nyumbani, lakini mtoto hapaswi kufukuzwa shule ya msingi ya umma kwa sababu ya minervali. Msichana aliyepoteza miaka, tuseme ana miaka 12 na aliishia darasa la pili kwa sababu ya kukimbia vita, hana haja ya kukaa benchi moja na watoto wa miaka saba. Kwa ajili yake kuna vituo vinavyoitwa CRS, vya kufidia masomo, ambako miaka sita ya msingi hufundishwa kwa mitatu, na mwishoni mtoto hufanya mtihani uleule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Children’s Voice ni mojawapo ya mashirika ya Goma yaliyojikita katika watoto walioachwa nje ya shule. Ukifika kituo chochote cha CRS, uliza kama wanafunzi wake huandikishwa kwenye mtihani huo. Kisichowaandikisha kitampa mtoto wako kusoma na kuandika, jambo jema, ila hakitamfungulia mlango wa sekondari.

Kwa ufundi, majina mawili yanajulikana na kila mtu. Kituo cha Don Bosco Ngangi cha mapadre Wasalesiani, kaskazini mwa mji, kimelea watoto na vijana kwa miongo kadhaa: kina shule, kina karakana, na wakati wa vita kimepokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wake. Nakitaja mapema kwa sababu ni mfano wa wale wanaobaki. Serikali zimebadilika, volkano imelipuka 2002 na tena Mei 22, 2021, na Ngangi ipo. La pili ni INPP, taasisi ya umma ya kuandaa watu kwa kazi, yenye tawi Goma, ambayo hufundisha ufundi kwa kozi fupi na ndefu. INPP si shirika la malezi. Itamfundisha binti kazi, lakini haitamuuliza kwa nini wiki hii ana huzuni. Anayekwenda huko atafutiwe pia kikundi cha kumlea.

Sanaa wazazi wengi huiona mchezo wa kupoteza muda, na hapo mimi sikubaliani nao hata kidogo. Yolé!Africa, kituo alichokianzisha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha vijana wa Goma filamu, muziki na dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Foyer Culturel de Goma nayo imekuwa nyumba ya vijana wanaojifunza muziki, na tamasha la Amani, lililofanyika mara ya kwanza Februari 2014, liliwapa wengi wao jukwaa mbele ya maelfu ya watu. Msichana aliyezoea kuambiwa anyamaze, akisimama jukwaani na kusikilizwa mpaka mwisho, anajifunza jambo ambalo somo la uraia halifundishi. Na aliyeonewa huanza kusema siku anayojua kwamba sauti yake ina wasikilizaji.

Kuna pia vyama vya kanisa, ambavyo kwenye orodha za wafadhili havionekani sana. Xaveri, kilichozaliwa Bukavu miaka ya 1950 kwa juhudi za padre Georges Defour, kimelea vizazi vya vijana wa Kivu. Skauti, guides (skauti wa kike) na vikundi vya vijana vya makanisa ya Kiprotestanti vipo pia. Havina gari wala ofisi yenye jenereta. Vina kitu kimoja ambacho mradi wa miezi 18 hauwezi kununua: dada anayewaongoza wasichana leo aliongozwa na mwingine hapohapo, na akiolewa au akihama anamwachia mdogo wake. Kwa kipimo cha “nani atabaki”, vyama hivi viko mbele, na mzazi asivipuuze kwa sababu tu havigawi sabuni. Upungufu wa vyama hivyo ni kwamba baadhi ya walezi huona haya kuongea juu ya hedhi, mimba na unyanyasaji. Swali hilo uliulize mapema, bila kuzunguka.

Kundi jingine ni la vijana wa uraia. LUCHA ilizaliwa Goma mwaka 2012, vijana wakidai maji, kazi na usalama bila kushika silaha. Rebecca Kabugho alikuwa na miaka 22 alipokamatwa Goma Februari 2016 pamoja na wenzake kwa kuandaa mabango ya mgomo wa amani. Alifungwa miezi kadhaa, na mwaka 2017 Marekani ikamtunuku tuzo yake ya Wanawake Jasiri wa Dunia. Namtaja kwa sababu wasichana wa Mabanga wanastahili kujua kwamba mwenzao wa mji huuhuu alifika huko. Lakini mwongozo wa kweli lazima useme na upande wa pili: kazi hiyo ina hatari ya kukamatwa, leo zaidi kuliko jana, na si ya mtoto chini ya miaka 18. Msichana mdogo anayetamani uongozi aanze na bunge la watoto au kamati ya shule yake.

Mwisho ni mashirika ya ulinzi, ambayo mtu huyatafuta jambo likishaharibika: hospitali ya HEAL Africa, iliyohudumia wanawake na wasichana waliobakwa kwa zaidi ya miaka 20, Synergie des Femmes, muungano wa vyama vya wanawake uliojengwa na Justine Masika Bihamba, wanasheria wanawake wa Dynamique des Femmes Juristes, na CAJED, ambayo imewapokea watoto waliotoka kwenye makundi ya silaha, wale wanaoitwa kadogo, na kuwatafutia familia zao. Mengine kati ya haya yamepunguziwa nguvu tangu 2025. Kabla ya kulipa pikipiki kwenda upande wa pili wa mji, piga simu, au umuulize muuguzi wa kituo cha afya cha kartiye yako nani bado anapokea watu.

Kwa nini mlezi wa jirani

Kuna ushahidi wa kutosha kwamba vikundi vya wasichana vikiendeshwa vizuri hubadili maisha, na ushahidi wenyewe hautoki mbali. Nchini Uganda, BRAC ilifungua klabu za wasichana wa miaka 14 hadi 20 mitaani, kila klabu ikiwa na mlezi wake, msichana mkubwa kidogo kutoka jamii ileile. Zilifunguliwa alasiri tano kwa wiki. Wasichana walicheza, wakajifunza ufundi na kushika hesabu ya pesa, na wakazungumza waziwazi juu ya mwili, mimba na ndoa. Watafiti wakafuata jamii zenye klabu na zisizo nazo kwa miaka minne. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2020, yalionyesha kuwa mimba za wasichana zilipungua kwa thuluthi moja katika jamii zenye klabu. Waliosema wamelazimishwa ngono nao walipungua kwa karibu thuluthi. Na wengi zaidi walikuwa na shughuli ndogo ya kuingiza pesa. Kitu cha kuzingatia ni kwamba ufundi na mazungumzo vilikwenda pamoja. Msichana mwenye pesa zake kidogo na habari sahihi ana uwezo wa kukataa. Anayepewa moja tu kati ya hayo mawili hubaki nusu njia.

Karibu zaidi na sisi, katika Kivu Kusini, International Rescue Committee iliendesha mradi wa wasichana wadogo, wa miaka 10 hadi 14, wakikutana na walezi wanawake vijana mahali palipotengwa kwa ajili yao. Wasichana 869 walifuatiliwa. Baadhi ya familia ziliongezewa vikao vya wazazi, nyingine hazikupata. Vikao vile havikutosha kupunguza ukatili wa ngono kuliko kule ambako havikuwepo. Lakini wazazi waliohudhuria walionyesha mapenzi zaidi kwa watoto wao. Somo hapa ni gumu na tulikubali lilivyo: kikundi peke yake hakimlindi mtoto dhidi ya mwenye bunduki au jirani mwovu. Kinamwongezea watu wa kumkimbilia, na kinamrudisha mzazi karibu naye. Shirika likikuahidi zaidi ya hapo, kuwa na shaka.

Siku ya kwanza ya kwenda kuuliza

Usimtume binti peke yake kujiandikisha. Nenda naye, au yaya wake mkubwa aende, na mfike saa za shughuli, si saa za ofisi. Mambo mengi utayaona kabla ya kuuliza chochote. Wasichana wanacheka? Mlango wa chumba uko wazi? Choo kina komeo kwa ndani? Kuna mwanamke mtu mzima, au wapo vijana wa kiume watupu?

Kisha uliza juu ya walezi. Wangapi, wanakaa wapi, wameanza lini? Mlezi mmoja kwa wasichana 20 au 25 anaweza kuwajua kwa majina. Mmoja kwa 80 anahesabu vichwa. Anayekaa Majengo, Katoyi au Mabanga yenyewe atakutana na binti sokoni Jumamosi na kugundua kwamba wiki mbili hajaonekana. Uliza pia mlezi analipwa na nani. Kama posho yake yote inatoka kwa mradi mmoja, uliza mradi unaisha mwezi gani na mpango wa baadaye ni upi. Viongozi waaminifu hawakasiriki kwa swali hilo. Wengine watakuambia kweli, kwamba hawajui, na wasichana wameanza kuwekeza pesa kidogo ili kikundi kiendelee. Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko broshua yenye rangi.

Saa za mkutano zinaamua kama binti ataweza kuendelea. Mabanga yote inajua kazi ya maji: msichana na bidoni ya lita 20, foleni, kurudi, kupika, kuogesha wadogo. Programu inayoanza saa mbili asubuhi imewachagua tayari wale wenye mtumishi nyumbani. Na inayoishia saa kumi na mbili jioni inamrudisha mtoto gizani, katika njia za mawe ya lava zisizo na taa, ambako wezi wamewazoesha watu kufunga milango mapema. Wasichana wa mtaa mmoja watembee pamoja, na wawe nyumbani jua likiwa bado juu. Kama nyumbani kazi ya maji ni ya binti peke yake, basi mazungumzo ya kwanza yafanyike humo ndani, na kaka zake wapewe bidoni siku za mkutano. Msimamo wangu ni huo na sitaupunguza: mvulana mwenye miguu miwili anaweza kuchota maji.

Msichana aliyezaa akiwa bado nyumbani kwao ana swali la ziada, kama anaweza kuja na mtoto. Vituo vingi husema “tunawapokea wasichana-mama” lakini havina mkeka wala mtu wa kumshika mtoto, na baada ya wiki tatu mama huyo harudi tena. Mwenye ulemavu wa miguu naye aangaliziwe njia yenyewe, maana juu ya lava hiyo hata mzima hujikwaa.

Pesa ielezwe mbele ya watu wawili. Vyama vya kweli vinaweza kuomba mchango mdogo, na hakuna aibu katika hilo, ila mchango una risiti na kiasi chake ni kilekile kwa wote. Ondoka mara moja ukiambiwa ulipe “fishi” ili jina la binti lipelekwe kwa mfadhili, au ulipie nafasi ya masomo ng’ambo. Hakuna ufadhili wa masomo unaouzwa kwa M-Pesa ya mtu binafsi.

Picha nazo zina gharama. Binti wa miaka 13 akipigwa picha chini ya bango lenye maneno “waathiriwa wa ubakaji”, picha hiyo itamfuata hata siku ya harusi yake. Una haki ya kukataa, na kukataa kusimwondoe kwenye orodha. Kama watasisitiza, hiyo ni dalili ya wanachokithamini.

Sasa jambo ambalo wazazi huona haya kulitamka. Mtu wa shirika anaweza kuwa ndiye hatari. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake na wasichana walieleza kwamba waliombwa ngono ili wapewe kazi au wasiipoteze. Tume huru iliyotoa ripoti Septemba 2021 ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Kama ilitokea katika taasisi kubwa kiasi hicho, basi kauli ya “sisi ni watu wa Mungu” au “sisi ni wa kimataifa” haitoshi kuwa kinga. Uliza: mtoto akisumbuliwa na mlezi au dereva, anamwambia nani ambaye si rafiki ya mtu huyo? Taka jina la mtu na namba ya simu, mpe binti aziandike. Mfundishe pia kanuni chache anazoweza kushika: hakuna mkutano wa watu wawili nyuma ya mlango uliofungwa, hakuna ujumbe wa usiku kwenye simu, hakuna zawadi ya siri, na msaada wa kweli haudai mwili.

Kuchagua kazi ya mkono

Kushona, kusuka nywele na kutengeneza sabuni ndizo kozi ambazo wasichana huwekewa mbele, na matokeo yake ni mitaa yenye cherehani nyingi kuliko wateja. Si kwamba kushona ni kubaya. Fundi mwenye mkono mzuri hatakosa vitambaa vya harusi na sare za shule. Lakini kabla ya kuchagua, mpeleke binti azunguke soko la Virunga na Birere, ahesabu mafundi wanaokaa bure mchana, na awaulize wanaofanya kazi walianzaje. Kisha arudi kwa shirika aombe aonyeshwe wahitimu watatu wa mwaka uliopita mahali wanapofanyia kazi. Ombi hilo dogo huchuja mashirika haraka sana.

Fundi umeme, fundi simu, mtengenezaji wa paneli za jua, mekanika wa pikipiki, mpaka rangi: kazi hizi bado zina wasichana wachache, na mahitaji yapo kila avenyu. Atachekwa miezi ya mwanzo. Mlezi mwema huwaweka wasichana wawili katika karakana moja, kamwe si mmoja.

Jua pia kinachofuata cheti. Vifaa vya kuanzia vinatolewa kwa mtu au kwa kikundi? Cherehani moja kwa wasichana watano ni ugomvi uliofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Wakitoa kwa kikundi, lazima makubaliano ya zamu yaandikwe siku hiyohiyo.

Kuhusu akiba, likelemba, ile ya kupeana pesa kwa zamu, kila mtu anaijua. Ile inayoitwa AVEC inakwenda mbele kidogo: wanachama hununua hisa kila wiki, wanakopeshana kwa riba ndogo waliyokubaliana, wanatenga mfuko wa dharura, na baada ya takriban mwaka mmoja wanagawana kulingana na hisa za kila mmoja. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ambao hawapaswi kuwa wa nyumba moja. Benki zilipofunga 2025, sanduku la namna hii lilikuwa kimbilio la wengi. Kwa wasichana hisa iwe ndogo kabisa, kiasi ambacho binti anaweza kukipata kwa kuuza karanga bila kumwomba mwanaume yeyote, na pesa zisilale kwenye nyumba moja muda mrefu.

Likishatokea jambo baya

Binti akibakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa; kama ameshaoga, aende vilevile. Hospitali inakuja kwanza, polisi baadaye, na hakuna sheria inayomtaka mtu aanze polisi ndipo atibiwe. Omba cheti cha daktari na ukitunze nakala mbili, moja nje ya nyumba.

Kisha watakuja wazee na mbuzi au na bahasha, wakisema mambo yaishie nyumbani. Sheria mbili za Julai 20, 2006 ziliandikwa kwa sababu ya maovu hayohayo. Zinasema malipo ya faini ya mapatano hayafuti kesi ya ukatili wa ngono, na ubakaji una adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 20. Sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 10, 2009 inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kifungu chake cha 48 kinakataza uchumba na ndoa kwake. Kwa hiyo kumwoza binti wa miaka 15 kwa aliyembaka ni kosa juu ya kosa, hata mahari yakitolewa mbele ya kanisa zima. Mahakama zikiwa zimekwama, kama zilivyokwama Goma mara nyingi, cheti cha daktari kilichotunzwa vizuri kinaweza kusubiri. Wanasheria wa Dynamique des Femmes Juristes au wa Synergie ndio wa kuuliza njia iliyo wazi kwa wakati huo.

Pasipo na shirika karibu

Avenyu nyingi za Mabanga hazina chochote, na kungoja mfadhili mwingine kutoka mbali kunaweza kuchukua utoto wote wa mtu. Kikundi cha wasichana hakihitaji fedha nyingi kuanza. Kinahitaji wanawake wawili wanaoaminika, mmoja kijana na mwingine mtu mzima, chumba cha mtu au darasa la shule baada ya masomo, siku moja isiyobadilika, na wasichana 15 hadi 20 wa umri unaokaribiana. Wa miaka 11 na wa miaka 18 wasichanganywe, kwa sababu wadogo watanyamaza. Mwambieni mapema mkuu wa nyumba kumi na shefu wa kartiye nini kinafanyika, ili mkusanyiko wa vijana usizue maneno katika kipindi hiki cha hofu, na wazazi wote wakaribishwe kuona siku ya kwanza.

Kikundi kidogo cha mtaa kinaweza kwenda miaka bila karatasi. Mkitaka kupokea pesa za nje, hapo mnahitaji kuwa chama kisicho cha faida kwa sheria namba 004 ya Julai 20, 2001: katiba ya chama, kanuni za ndani, orodha ya wanachama waanzilishi, na maombi ya kutambuliwa kisheria. Andikeni karatasi hizo polepole kwa msaada wa mwanasheria, na msimlipe mtu wa njiani anayedai anaweza kuwapatia muhuri kesho.

Mikutano minne ya mwanzo iwe rahisi. Wa kwanza, majina na sheria za kikundi, na wasichana ndio wazitunge. Wa pili, mlezi mkubwa aeleze hedhi, na wafundishane kushona pedi za kitambaa zinazofuliwa. Wa tatu, wachore ramani ya mtaa wao na kuweka alama mahali wanapoogopa kupita na nyumba wanazoweza kukimbilia. Ramani hiyo ionyeshwe wazazi, maana wengi watashangaa ilipo alama ya hatari. Wa nne, aalikwe mwanamke wa hapohapo mwenye kazi yake, muuguzi, fundi au mwenye duka, aeleze pesa zake za kwanza alizipataje na alikosea wapi. Daftari la mahudhurio lishikwe na msichana mmoja kwa mwezi, kwa zamu. Asiyeonekana mara mbili mfululizo, wenzake wawili waende kwao siku hiyohiyo kabla ya giza, na kama kuna mgonjwa nyumbani, wabebe maji.